Unene wa Chini Kabisa

Hadi Ijumaa niwe nimeipima Tolvanen,
wauza vipuri, maduka mia nne na kumi na saba,
la kwanza hapa Duluth, mkabala na reli ya madini,
ambako chumvi ya barabarani hula magari tangu Novemba
na biashara hailali njaa.
Mfuko wa pensheni wa walimu unashika hatifungani zao
na unataka kujua: tushike au tuachie?

Naanza na lililo rahisi. Deni, gawanya kwa faida
kabla ya riba, kabla ya kodi, kabla ya uchakavu.
Mbili nukta tano. Mtu mzima, siha njema.
Ingrid Saarela anachungulia begani: "Na pango?"

Pango. Kumbe maduka si yao.
Kila paa, kila kibao cha jina,
kila uwanja wa magari wenye theluji iliyosukumwa pembeni
ni miaka kumi waliyomwahidi mwenye nyumba.
Na ahadi ni deni, mtoto anajua,
wahasibu ndio waliochelewa kuambiwa.
Nachukua pango la mwaka, nazidisha kwa sita,
nalibebesha juu ya mzigo wa kwanza.
Tatu nukta nne.

Halafu kuna bwana wa Ohio anayewatengenezea pedi za breki.
Hulipwa siku ya mia mbili na sabini.
Pedi zimeuzwa, zimefungwa, pengine zimekwisha kuisha,
yeye bado anafungua sanduku la barua.
Benki iko tayari kumlipa mapema, akikubali kumegwa.
Ripoti ya mwaka inaiita hali hii ufanisi.
Kungoja kwake nikuandike safu ipi?

Mtaji wa wenye mali nauruka. Uko chini ya sifuri.
Wamekopa wakanunua hisa zao wenyewe, mwaka hadi mwaka,
kama mtu anayekula vidole vyake na kuusifia upishi.
Ukigawa kwa hasi, jibu halina maana.
Kompyuta inalitoa hivyo hivyo.
Kompyuta haina haya.

Alhamisi gari langu likaanza kulia kwenye mteremko wa ziwani.
Nikaingia duka la kwanza, lile lile,
kengele mlangoni, harufu ya mpira mpya na kahawa iliyoungua.
Arvid Kettunen, miaka thelathini na mmoja nyuma ya kaunta,
akaipokea diski yangu kwa mikono miwili,
akaipangusa kutu, akaibana kwa maikromita,
akasoma bila miwani.
"Ishirini na mbili nukta tatu."
Kisha akanionyesha ukingoni, pamegongwa kwenye chuma:
ishirini na mbili. Chini ya hapo, tupa.

"Kwa hiyo inafaa?"
"Inafaa leo."

Nikamuuliza, kama mteja tu, ana hisa ngapi.
Akacheka puani. "Kampuni inajinunua yenyewe.
Mimi bado inanikodi."
Akaniazima kifaa cha kusukumia pistoni,
akashika dola zangu arobaini za dhamana.
Rudisha, nikurudishie.
Katika kampuni nzima, deni hili pekee
nimelielewa mara ya kwanza.

Usiku nikarudi kwenye mizania, nikaipapasa kingo zake.
Kule kiwandani mtu aliigonga namba ya mwisho
kabla gari halijaonja mteremko wowote.
Huku sikuona kitu. Benki moja imesema nne,
nyingine nne na nusu, na zote mbili
hukaa mezani wakakubaliana upya riba ikiwa tamu.

Niliandika: tatu nukta nne, pango likiwemo.
Kwenye kisanduku cha maoni: inafaa leo.

Ingrid ameifuta "leo".

Kifaa cha Arvid kingali kwenye buti,
kimeviringishwa gazeti, kinagongagonga kila kona.
Ananidai chuma, namdai dola arobaini,
na theluji imeanza tena.